Mpiga picha wa Kasulo aliyekwepa anga

Kwa miaka miwili na miezi minne, kila aliyepigwa picha na Desderius pale Kasulo alisimamishwa mbele ya migomba. Maharusi walisimama kwenye migomba. Watoto wa komunyo ya kwanza, mavazi yao meupe yakiwa yamepigwa pasi, walipangwa kwenye migomba nyuma ya kigango. Kwaya iliyojipanga kwenye ngazi za kanisa ili ipate picha yenye mnara ilishushwa ngazi zote na kupelekwa kulekule. Watu walidhani ndiyo mtindo wake. Mpiga picha mmoja wa Nyakanazi akaanza kumwiga.

Haukuwa mtindo. Kamera ilikuwa na vumbi ndani.

Nyuma ya lenzi ya kamera ya dijitali kuna kipande cha kioo chenye ukubwa wa stempu, kinachoitwa kihisi, ambacho ndicho hupokea mwanga na kuufanya picha. Mpiga picha akibadilisha lenzi uwanjani, vumbi huingia na kutua hapo. Kuanzia siku hiyo kila picha inakuwa na doa la kijivu, mahali palepale. Doa likiangukia kwenye majani halionekani. Likiangukia kwenye anga, hata mtoto ataliona. Desderius alikuwa na lenzi mbili na alifanya kazi kandokando ya barabara wanayopita malori ya Rwanda na Burundi, ambako kuanzia Juni vumbi jekundu hukaa hewani kama moshi.

Ana miaka hamsini na miwili. Ni Mhangaza wa hapohapo Kasulo, wilayani Ngara, analima kahawa na maharage, na picha ni kazi yake ya pili. Kusafisha kamera hakujawahi kuwa kazi yake kabisa. Hiyo ilikuwa ya mke wake.

Ishimwe alizaliwa Muyinga, Burundi, ng'ambo ya mpaka, akaja Ngara akiwa msichana. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa msaidizi wa maabara katika zahanati, akisoma damu ya wagonjwa wa malaria kwa hadubini. Alivizoea vioo vyembamba. Alivishika kwa kingo tu, na hakuwahi kuacha alama ya kidole. Madoa ya kwanza yalipotokea, Desderius alitaka kuyapuliza kwa mdomo. Mke wake alimnyang'anya kamera.

"Utaitemea mate," alimwambia. "Hiyo mikono yako ni ya jembe. Nipe."

Tangu hapo, kila kiangazi mara mbili, Ishimwe alimwaga maji kwenye sakafu ya chumba cha kulala ili vumbi litulie, akafunga madirisha, akavua sweta lisije likadondosha nyuzi, kisha akakaa kitandani na kamera mapajani. Desderius alikaa mlangoni. Hakuruhusiwa kuingia wala kupiga chafya. Anasema hizo zilikuwa saa zake nzuri kuliko zote katika mwaka, kwa sababu mke wake akifanya kazi ya mikono huongea sana, na alikuwa anamwongelesha yeye tu.

Miaka miwili iliyopita, mwezi Machi, mama yake Ishimwe alipata kiharusi huko Muyinga. Hakuwa na mtoto mwingine aliyebaki nyumbani. Binti yao, Priscila, alikuwa chuoni Mwanza, kwa hiyo Desderius peke yake ndiye aliyemsindikiza mke wake hadi Kabanga, mpakani. Ishimwe alisema anakwenda kwa wiki tatu. Kuhusu kamera alisema sentensi moja: "Usiiguse ndani, nikirudi nitaisafisha."

Agosti ile madoa yalikuwa yamefika matatu. Desderius aliyazungushia duara jekundu kwenye simu akamtumia. Jibu lilikuja siku hiyohiyo: "Nimeyaona. Usiguse. Nakuja." Kiangazi kilichofuata yalikuwa kumi na tisa. Akatuma tena, akajibiwa vilevile. Kati ya picha hizo mbili alikwenda Muyinga mara mbili kumwona mama mkwe, na mara zote mbili kamera aliiacha nyumbani kabatini.

Priscila alimuuliza kwa nini asiibebe, mama aisafishe hukohuko.

"Akiisafisha huko," Desderius alimjibu, "huku atakuja kufanya nini?"

Mwezi Julai mwaka huu alikuja Shilinde.

Shilinde ni mfugaji wa Kisukuma aliyehamia Nyamigogo, wilayani Biharamulo, kutoka Shinyanga, miaka ishirini na mitano iliyopita, akiwa na ng'ombe sita. Sasa wamepita mia moja. Wanawe wanne wamekua, na mzee ameamua kuwagawia ng'ombe akiwa bado hai. Wawili watahamishia mafungu yao Katavi. Ugawaji ulipangwa kufanyika Jumatatu. Jumamosi kabla yake alitaka picha moja: yeye, mke wake Kwandu, wanawe, na kundi zima, kwenye uwanda.

Desderius alimwamkia shikamoo, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamweleza kuhusu migomba.

Shilinde alimtazama. "Ng'ombe mia moja kwenye migomba?"

"Inapendeza, mzee. Kijani kinatoka vizuri."

"Inapendeza kwa nani? Watu wakiiona watauliza shamba la nani hilo ng'ombe wa Shilinde wameingia kula. Nitapigwa faini kwa picha!" Alicheka mwenyewe. "Ninyi Wahangaza mnaipenda migomba mpaka mnaweza kuioa. Kwangu hakuna mgomba hata mmoja, fundi. Kuna nyasi zilizokauka na mbingu. Basi."

"Kamera ina hitilafu kidogo, mzee. Mbingu haitoki safi. Mngesogeza mbele mwezi mmoja..."

"Jumatatu wanaondoka. Hawatasimama pamoja tena." Akainuka. "Kama huwezi niambie leo, nimtafute anayeweza."

Desderius alimwambia anaweza. Hilo analikumbuka vizuri, kwa sababu alishangaa kujisikia akilisema.

Alhamisi asubuhi alimpigia mke wake simu. Nyuma ya sauti ya Ishimwe mama mkwe aliuliza, kwa maneno machache ambayo kiharusi kilimwachia, "Ni nde?" yaani ni nani. Ishimwe akamjibu kwa Kirundi, "Ni umukwe wawe," ni mkweo. Desderius alieleza habari ya Shilinde, ya Jumamosi na ya mbingu. Kisha akasubiri. Alikuwa tayari kuambiwa asiguse. Kama angeambiwa hivyo, asema, angempoteza Shilinde bila majuto, maana neno hilo siku zote lilikuja na lile lingine: nakuja.



"Umefunga madirisha?" Ishimwe aliuliza.

Desderius aliyatazama madirisha yaliyokuwa wazi.

"Baba Priscila. Madirisha."

Alikwenda akayafunga.

Kazi nzima ilichukua chini ya saa moja, simu ikiwa mezani imefunguliwa spika. Ishimwe aliiongoza kama mtu anayesoma dawa kwenye cheti cha mgonjwa. Alimwamuru amwage maji sakafuni, avue sweta, anawe mikono mpaka viwiko. Alimuuliza kama betri imejaa.

"Imejaa."

"Kaichaji hata kama imejaa. Umeme ukiisha katikati, kioo kinachofunika kihisi kitashuka juu ya mkono wako, na hapo hatuna kamera tena."

Alimwelekeza kwenye kopo la maziwa ya unga juu ya kabati, lililofungwa kwa utepe wa plasta ya hospitali. Ndani mlikuwa na vifito vyembamba vyenye kitambaa laini kwenye ncha, kila kimoja ndani ya karatasi yake, na kichupa cha maji ya kusafishia. Utepe huo Ishimwe alikuwa ameubandika mwenyewe. Desderius hakuwahi kuubandua.

Kwanza alipuliza kwa mpira ule unaotumika kunyonya makamasi ya watoto, kamera ikiwa imeinamishwa ili vumbi lidondoke. Kisha tone moja kwenye kifito, na kifito kwenye kihisi.

"Umeanzia wapi?"

"Huku juu. Si ndiko mbingu iliko?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile Ishimwe alicheka. "Miaka yote hiyo umekaa mlangoni ukaona nini? Kamera inapokea picha kichwa chini. Mbingu iko chini, mwanaume wewe. Pitisha chini. Mkono mmoja, mwendo mmoja, kushoto kwenda kulia. Geuza upande. Rudi. Kitupe."

"Mkono unatetemeka."

"Usiukaze. Pumua. Mimi pia ulikuwa unatetemeka."

"Sikuwahi kuuona ukitetemeka."

"Ndiyo maana nilikuwa naongea."

Alitumia vifito vitatu. Baada ya hapo alirudisha lenzi, akatoka uani, akapiga mbingu tupu, akarudi ndani na kuikuza picha kwenye skrini. Aliipitia kipande kwa kipande, kutoka kona hadi kona, mara mbili. Hapakuwa na kitu. Ilikuwa bluu iliyofifia tu, ya Julai, isiyo na wingu.

"Enhe?" Ishimwe aliuliza.

Desderius aliiangalia tena ile picha safi.

"Yametoka. Limebaki moja," alisema.

"Kubwa?"

"Dogo. Limeng'ang'ania."

"Usilikwangue," Ishimwe alisema. Kisha akasema mama yake anataka kugeuzwa, na akakata simu.

Jumamosi ng'ombe walipangwa kwenye uwanda wa Nyamigogo kwa kelele na fimbo, mzee Shilinde katikati, kofia mkononi, Kwandu kando yake, wana wawili kila upande. Theluthi mbili za picha ni mbingu isiyo na wingu hata moja. Desderius alipiga mara arobaini. Shilinde alipoonyeshwa skrini, hakuangalia mbingu. Aliangalia nyuso za wanawe, mmoja baada ya mwingine, akairudisha kamera.

Jioni Desderius alichagua picha moja akaituma Muyinga, bila duara jekundu. Ishimwe aliuliza ni ng'ombe wangapi. Akauliza yule wa kushoto ni mtoto wa ngapi. Baadaye akaandika: "Nimelitafuta doa. Sijaliona."

"Limejificha kwenye wingu," Desderius aliandika.

Ishimwe aliisoma saa ileile. 

"Basi linisubiri," aliandika.