Nyanya ya Sita
Jumamosi nilikuwa sokoni hapa Tabora nikisubiri zamu, mwalimu wa chekechea akimlalamikia mama muuza nyanya. "Mwanao nikimwambia aweke vizibo vitano vya soda, anaweka sita."

Mama akacheka. "Kuhesabu nimemfundisha hapa hapa mezani, mwalimu. Cha sita ni nyongeza ya mteja."

"Mwambie tano ni tano."

Kisha mwalimu akaomba fungu la nyanya tano. Mtoto, aliyekuwa kando ya mama yake akisikia yote, akazihesabu kwa sauti moja moja hadi tano, akakunja mikono. Mwalimu akabaki palepale, mfuko wazi.

"Tano ni tano, mwalimu," mtoto akamkumbusha kwa upole.

Mwalimu hakuondoka mpaka ya sita ilipoingia. Wazazi, wafundisheni hesabu nyumbani bila wasiwasi. Walimu nao ni wateja.