Siku Niliyosafisha Bonde

Jamani, mnicheke taratibu. Jumamosi nilikwenda kujitolea kwenye bonde la kijito linalohifadhiwa, si mbali na kwangu huku ughaibuni, Edmonton. Nilisikia msimamizi wake, Bi Helen, anatafuta mtu wa kuajiri, nami nimechoka na kazi ya usiku. Akanipa mfuko niokote takataka kando ya maji, akaenda kupokea wageni.

Chupa zikaisha upesi. Mbele yangu kulikuwa na rundo la magogo yaliyooza, majani yamefika kiunoni. Mimi mtoto wa Morogoro, nimelelewa na mama aliyefyeka uwanja kila wiki. Nikasema, leo watanijua! Nikang'oa majani, nikaburuta magogo yote hadi getini, nikachukua ufagio bandani na kufagia mpaka udongo ukang'aa.

Bi Helen akarudi na watoto wa shule. Akasimama ghafla.

"Rose, magogo yako wapi?"

"Nimeyatoa!" nikajibu kwa madaha. "Sasa nyoka hapati hata pa kulala."

Akawageukia wageni wake.

"Watoto," akasema kwa upole, "hapa ndipo nyoka wetu walipokuwa wakiishi, mpaka leo asubuhi."