Aliyemwoa Mama

Tangu nitoke sekondari nimekuwa nikiandika hadithi moja tu, ingawa imekuwa na vichwa vingi. Niliiandika nikilinda yadi ya malori Kambu, nikaiandika nikiuza mitumba Kitui mjini, nikaiandika nikivunja kokoto karibu na Kasikeu. Kila kazi niliyoiacha niliondoka na mfuko wa nguo na mfuko wa karatasi, na ule wa karatasi ndio uliokuwa mzito. Watu husema mwanamume aliyepita miaka arobaini akawa bado anahamahama hivyo, ama ana laana ama ana wanawake. Mimi nina hadithi, na kuiacha nimeshindwa.

Hadithi yenyewe ni hii. Bibi yangu, ambaye sisi tulimwita Susu, alifiwa na mumewe kabla hawajapata mtoto. Shemeji zake wakaanza kulitazama shamba lake la Mbumbuni kama fisi anavyomtazama mbuzi mgonjwa. Susu hakubishana nao. Alizeeka nalo, akilima, na alipoona nguvu zinamwisha alivuka hadi upande wa Kitui, akatafuta msichana, akawapelekea wazazi wake mbuzi wa ntheo kama mwanamume yeyote anayeoa, akamleta nyumbani. Kwa Kikamba msichana wa namna hiyo huitwa iweto. Anaolewa na mwanamke ili nyumba isizimike. Walilala kila mtu chumba chake na wakalima shamba moja. Msichana huyo ni mama yangu. Dada yangu na mimi tulizaliwa tukiwa watoto wa Susu, tukapewa jina la yule marehemu mumewe. Nani hasa alituzaa, hatukuambiwa, na kwetu hilo halikuwa swali.

Nimeituma Nairobi mara nyingi. Mhariri mmoja tu ndiye aliyewahi kunipigia simu.

"Mzee, unaandika vizuri," aliniambia. "Lakini mwanamke kuoa mwanamke? Hiyo haiwezi kupita shuleni, na sisi soko letu ni shule. Huwezi kumfanya huyo bibi awe mjomba?"

Mwenye malori kule Kambu, mzee Mwislamu aliyetoka Garissa, ndiye aliyeisikiliza hadi mwisho, amekalia kreti ya soda, chai ikimpoa mkononi. Aliniuliza swali moja tu. "Huyo bibi alikuwa mkali?"

"Mkali sana."

"Basi alikuwa mwanamume. Endelea."

Mama hakujua kusoma. Akinikuta nimeinamia karatasi alikuwa akisema, "Umemaliza? Mbuzi hawasomi, wanataka maji." Lakini alijua ninaandika nini. Alipoanza kuugua aliniita karibu. "Nikifa utaniandikia wewe, si mtu mwingine," akasema. "Na usimwache nje mzee wangu."

Mzee wangu: ndivyo alivyomwita Susu, mbele ya watu na wakiwa peke yao, mpaka tulipomzika.

"Sitamwacha, Mwaitu," nikamjibu, kama tunavyomwita mama kwa Kikamba.

Kwetu mtu hazikwi kabla historia yake haijasomwa mbele ya watu, na mimi nimewaandikia majirani wengi. Alizaliwa, akasoma, akaokoka, akaolewa, akaugua, ameacha watoto na wajukuu. Najua mambo yanayotakiwa na najua pia yanayofichwa: mke wa pili, mtoto wa nje, pombe. Nilikuwa nayaficha bila kinyongo, kwa kuwa marehemu hakuwa wangu. Ya mama niliiandika yote. Miaka yote ile ya karatasi zilizorudishwa ilikuwa mazoezi ya ukurasa huo mmoja. Nikampa dada yangu aupeleke saiba Mbumbuni ukachapwe.

Asubuhi ya mazishi nikapewa programu kama mgeni mwingine. Nikasoma: "Aliolewa na marehemu mzee," kisha jina la mume wa Susu, "wakabarikiwa na watoto wawili." Mzee huyo alikufa mama akiwa hajazaliwa. Susu ametajwa mara moja, kama mama mkwe. Na chini kabisa, kwa herufi nzito: Imeandikwa na mwana wa marehemu.

Nilimkuta dada yangu nyuma ya nyumba, kwenye masufuria.

"Nani amebadilisha?"

"Mchungaji alisema watu wa siku hizi wana mawazo machafu. Wakisikia mama aliolewa na mwanamke, si watafikiria yale ya kwa TV?"

"Mama aliniambia nisimwache Susu nje."

"Mama ametuacha. Mimi ndiye nitabaki hapa nikiingia kanisani na hawa watu. Wewe kesho uko Kitui, kesho kutwa uko Kambu."

"Lakini yule mzee hata hakumwona mama!"

"Na jina la nani liko kwa kitambulisho chako?" Akafunika sufuria. "Wacha kelele. Watu wanataka chakula."

Nikamwendea mshereheshaji nimwombe kipaza sauti. Akaniangalia kwa huruma, kama mtu anayemwangalia mlevi. "Pole, mzee wangu. Familia imeshapanga mambo yake, na mchungaji ana mazishi mengine mbele."

Binti wa dada yangu akasoma, tena kwa sauti nzuri. Alipofika kwa "wakabarikiwa", watu wakasema amina.

Baada ya kuzika, kikongwe mmoja aliyekuwa akilima na Susu alinijia polepole, akanishika mkono. Nikadhani anataka kunipa pole.

"Mwanangu, wewe kuandika unajua," akasema. "Hata maiti wa zamani umemwoza mke, na watu wamesema amina." Kisha akaniachia mkono. "Susu alitoa mbuzi wake. Mimi nilikuwepo wakipelekwa."

Nilitaka kumwambia si mimi niliyeandika hayo. Lakini programu alikuwa nayo mkononi, na ingawa hakujua kusoma, mtu alikuwa ameshamsomea mpaka mstari wa mwisho. Hicho ndicho kitu changu pekee kilichowahi kuchapishwa, kikapata wasomaji, na wote wakakiamini isipokuwa kikongwe yule mmoja.

Programu nyingi zilibaki. Dada yangu alitaka kuwashia moto, nikazichukua. Upande wa nyuma ni mtupu na karatasi yake ni nzuri, inashika wino. Nimerudi Kitui na ninaandika juu yake kila ninapokosa mteja: mama yangu aliolewa na mwanamke mkali. Nafika mwisho, naanza tena. Kisha upepo wa sokoni unageuza karatasi, na upande ule wenye picha yake, mama bado ni mke wa mtu aliyekufa kabla yeye hajazaliwa.