Magunzi Kwenye Matundu ya Hewa

Siku yangu ya kwanza kazini niliamriwa kujifungia chooni. Msicheke. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu, sketi imepigwa pasi, nikaripoti kwa Afisa Afya wa Wilaya pale Sumbawanga mjini, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Hakunipa hata kiti. Alinipakia kwenye pikipiki yake hadi shule ya msingi ya jirani, tukapita madarasani, tukapita jikoni, tukafika vyoo vya wasichana. Nikachungulia mlangoni, nikasema, "Ni visafi, mzee."

"Umeingia?"

"Nimeona, mzee."

"Binti, sikukuuliza kama umeona. Ingia, funga mlango, chuchumaa kama mtoto anavyochuchumaa."

Nikaingia. Mlango ulipofungwa, giza tupu, komeo halipo, na tundu lenyewe pana kiasi kwamba mtoto wa darasa la kwanza angetumbukia mzima mzima. Nilitoka jasho linanitiririka. Yule mzee ndipo akaniambia neno nililotembea nalo kila nilikopangiwa: "Jengo la shule halikaguliwi kwa macho. Unakaa pale mtoto anapokaa, ndipo unajua."

Basi nikawa mtu wa kukaa. Darasani nilikalia dawati la nyuma kabisa nione kama ubao unasomeka. Kwenye kibuyu chirizi, yale madumu ya kunawia yenye kamba na kijiti cha kukanyaga, sikuuliza kama kinafanya kazi. Nilikikanyaga mwenyewe na kunawa. Walimu walinichoka. Wengine wakiniona kwa mbali walikuwa wanasema, "Jamani, Mama Matundu huyo anakuja," kwa sababu ya matundu ya vyoo na matundu ya hewa. Jina likanishika, nami nikalipenda.

Nilihamishiwa Matai. Mkuu wangu wa huko, mwanamama asiyejua kutabasamu kabla ya saa ya chai, alinifundisha habari ya notisi, ile amri ya maandishi unayomwachia mkuu wa shule arekebishe kasoro kwa muda fulani. "Ukiandika notisi usirudi kuangalia," alisema, "umewaandikia karatasi ya kufungia karanga." Nikarudi kila nilipoandika. Kisha nikapelekwa Kaoze, bondeni, kwenye joto la kukufanya uombe baridi. Huko vita yangu ilikuwa maji. Nilichemsha maji mbele ya wanafunzi, nikanywa mbele yao, hadi kuhara kukapungua. Halafu nikarudishwa huku juu, kwenye baridi yetu.

Nilipokuwa nikienda semina Dar, nikisema tu natoka Sumbawanga, wenzangu walikuwa wanasogeza viti. "Mama, usituroge bwana!" Nilicheka nao. Lakini moyoni nilikereka, maana utani huohuo nilishawahi kuukuta bila kicheko, uwanjani kwenye shule moja ya sekondari ya bweni ambayo sitaitaja.

Ilikuwa kipupwe, baridi ya kukausha midomo. Mkuu wa shule alinipigia simu asubuhi. "Mama, njoo upesi. Wasichana wanaanguka." Nilifika nikakuta wazazi wamejaa uwanjani. Wasichana kadhaa walikuwa wanaamka na kichwa kinachogonga, wanatapika, wanajikongoja hadi mstarini na kuanguka. Siku hiyo mmoja alikuwa amechelewa sana kuzinduka, yuko zahanati. Malaria walikuwa wameshapimwa, hawana. Kwa hiyo ikabaki jibu moja tu: wamerogwa.

Na mchawi alikuwa ameshapatikana. Mama Vero, mpishi, mjane wa makamo, alikuwa amekaa kwenye kizingiti cha jiko lake, kitenge kimemfunika hadi usoni. Mwenyekiti wa wazazi akanieleza kama anayefundisha hesabu: "Wanaoanguka wote ni wa vitanda vya karibu na mlango. Anayeingia mlango huo kila jioni ni huyu. Tunataka aondoke leo, na lambalamba aje aisafishe shule."

Lambalamba ni mganga wa kusaka wachawi. Akishafika, aliyetajwa huwa hana tena kwake. Nyumba inachomwa, na wengine hupoteza roho zao. Nilimtazama yule mama, nikasema kimoyomoyo, hapa sitoki.

"Naomba ufunguo wa bweni," nikasema.

Nikaingia, nikafunga mlango, nikakaa kwenye kitanda cha chini cha deka, vile vitanda vya ghorofa, kile cha karibu na mlango. Nikatulia. Jamani! Kipupwe cha Ufipa, na ncha ya sikio langu haikuhisi upepo hata chembe. Nikainua macho. Yale matundu ya hewa chini ya dari yalikuwa yamezibwa kwa magunzi ya mahindi, gunzi kwa gunzi, yamekaa vizuri kama vigingi ukutani. Madirisha yamesokomezwa viroba. Na hapo miguuni pangu jiko la mkaa, limejaa majivu.

Nilitoka nalo mkononi. "Nani anawasha hili?"

Mama Vero akasimama. "Mimi, mama. Niliwaonea huruma, wanatetemeka kama vifaranga. Nauwashia mkaa nje, unashika, moshi wote unaisha, ndipo naliingiza. Kwetu tumelala na moto tangu enzi za bibi zetu, hakuna aliyedhurika."

Alisema kweli. Nyumba ya nyasi inapumua. Moto unawaka katikati, hewa mbaya inapanda na kutokea kwenye nyasi. Lakini bweni lile lilikuwa la tofali za saruji, bati na dari, na likishazibwa magunzi linakuwa sufuria lenye mfuniko. Mkaa ulioshika hauna moshi, ila unatoa hewa yenye sumu, haina rangi wala harufu. Wa karibu na jiko ndio wanaoivuta zaidi. Niliwaeleza hayo taratibu, nikidhani nimemaliza kazi.

"Ala! Kumbe ni yeye kweli!" mwenyekiti akapaza sauti, na watu wakaanza kumsogelea.

Hapo nikawaka. Nikasimama mbele ya yule mama na jiko langu mkononi. "Magunzi yametoka mashamba ya nani? Viroba hivi vya nani? Wanenu wenyewe ndio waliosokomeza, maana mliwaleta na kishuka kimoja kimoja! Mmejenga bweni zuri, mkapiga vigelegele, nani aliuliza litapumuaje? Mkimfukuza huyu, mfukuzane wote!"

Wakarudi nyuma hatua moja. Nikasema, "Leo jiko linatoka, magunzi yanatoka, na mimi nalala hapa karibu na mlango. Asubuhi akianguka hata mmoja, mchawi ni mimi. Lambalamba aanzie kwangu."

Nikalala. Upepo ulitupiga, wasichana wakanilaumu waziwazi, nami meno yaligongana vibaya. Asubuhi wakapanga foleni ya uji wa ulezi, wamejikunyata, wanalalamika, wote wamesimama. Mwenyekiti alikuja mapema. Alitazama foleni kuanzia mwanzo hadi mwisho, kisha akapokea kikombe cha uji mkononi kwa Mama Vero na kusema, "Asante, mama." Yule aliyekuwa zahanati alirudi baada ya muda, mzima. Niliacha notisi: jiko marufuku ndani, matundu yasizibwe, mablanketi mazito yaletwe, mlango usifungwe kwa nje. Nikarudi kuangalia, kipupwe baada ya kipupwe.

Sasa nimestaafu, nalima ulezi wangu. Ninyi mnaoingia kazini leo mnapiga jengo picha kwa simu, mnatuma, mmekagua. Sawa, ni maendeleo. Lakini picha haina pua. Ingieni, fungeni mlango, mkae.

Mjukuu wangu anasoma shule ileile. Mama Vero alishafariki, Mungu amrehemu, akiwa bado mpishi wao. Likizo iliyopita binti alikuja kwangu, tukaota moto, akanilalamikia, "Bibi, bweni letu baridi! Na ukiziba tundu, wenzako wanakusema. Kuna kijiti, kinaitwa kijiti cha Mama Vero. Kila jioni mtu anazunguka nacho, anachokoa matundu yote. Tukifungua shule, zamu ni yangu."

"Nani aliwaanzishia?"

"Sijui, Bibi. Tumekikuta tu."

Nikachochea moto kwanza, ndipo nikamjibu. "Chokoa vizuri, mama. Usiruke hata moja."