Uso wa Clement Tapsell

Clement Tapsell alikuwa na uso ambao Uingereza nzima iliujua, na hakuna hata mtu mmoja aliyekumbuka aliuona wapi. Akiwa kwenye foleni ya mkate pale Catford, mama fulani angemkazia macho, amzunguke, kisha aseme:

"Samahani, baba. Wewe si yule wa ofisi ya gesi?"

"Hapana, mama."

"Ndiye! Ulikuja kutukatia gesi mume wangu akiwa kitandani. Huna hata haya!"

Naye Clement, ambaye wiki hiyohiyo alikuwa akionekana katika sinema ya mtaa huohuo, jaji mwenye kofia nyeusi anayemhukumu mtu kunyongwa, angechukua mkate wake na kuondoka huku damu ikimchemka. Zamani mambo haya yalimchekesha. Kufikia mwaka 1962, akiwa na miaka sitini na ushei, yalikuwa hayamchekeshi tena. Alifika nyumbani akautupa mkate mezani.

"Leo nimekuwa wa gesi tena," alimwambia mkewe, Enid.

"Afadhali. Juzi ulikuwa mzika maiti."

Alikuwa mtoto wa muuza samaki wa Deptford. Ujana wake aliumalizia kaskazini, kwenye vikundi vya maigizo vilivyobadilisha mchezo kila wiki, ambako si ajabu Jumatatu jioni mfalme akajisahau na kutamka maneno ya mhudumu wa hoteli wa wiki iliyopita. Baadaye filamu zikamchukua, kwa sababu ya ile pua yake nene na yale macho ya mtu aliyeamshwa kabla ya saa yake. Alikuwa konstebo. Alikuwa mchungaji, bawabu, na daktari anayetoka chumbani akitikisa kichwa. Alifungua milango ya majumba ya matajiri isiyo na idadi na kusema, "Bwana atakuona sasa." Mastaa walikuja, wakanenepa, wakazikwa, na yeye akabaki pale pale mlangoni.

Hakuwa na kinyongo kwamba hakutajirika. Kilichomkera, mpaka usingizi ukamhama, ni kwamba katika miaka yote hiyo hakuna mwongozaji aliyewahi kusogeza kamera mbele ya uso wake na kumwacha aseme jambo moja toka mwanzo hadi mwisho. Walimtumia kama kiti. Kiti kizuri, kisichoyumba, na kila mtu alikisifu akishakikalia.

Kisha akaja Rodney Stroud, mwongozaji mwenye ulimi wa asali, na filamu ya askari mtoro anayerudi kwao baada ya vita na kukuta mama yake amekwisha zikwa. Askari angeigizwa na Adrian Verney, kijana aliyekuwa na picha yake kwenye kila basi la London. Clement angekuwa baba yake, mzee wa reli, anayemkuta mtoto huyo mlango wa nyuma na kusema naye ukurasa mzima.

"Hapo nakutaka wewe tu, Clem," Stroud alimwambia, mkono begani. "Uso wako utajaza pazia zima la sinema. Neno la kwanza mpaka la mwisho."

Mwezi mzima Enid aliyasikia maneno ya baba huyo huku akikaanga samaki wa moshi. Katika mazoezi hayo yeye ndiye alikuwa mtoto mtoro, uma mkononi.

"Usinililie," alimwonya mumewe. "Mwanamume wa reli halii mbele ya mwanawe."

"Silii. Ni moshi wako huo."

Siku ya kupiga picha ikafika. Sasa, watu wa kazi hii wana desturi yao. Wakiwa wawili wanazungumza, kamera humchukua mmoja kwanza, halafu taa zinageuzwa na kumchukua wa pili. Yule asiyepigwa picha husimama kando ya kamera, gizani, na kusema maneno yake vilevile, ili mwenzake apate macho ya kuyatazama. Hakuna sheria inayomlazimisha. Ni adabu, basi. Clement alikuwa mkali kwa adabu hiyo kuliko padri kwa sala. Alisimama kando ya kamera akiwa na homa. Alisimama siku aliyotoka kumzika kaka yake.

Asubuhi ilikuwa zamu ya Adrian, na machozi yalikataa kumtoka. Walijaribu mara kadhaa. Msichana wa vipodozi akaleta dawa ya kuwasha macho, Adrian akaisukuma.

"Sitaki hiyo. Mzee wangu, nipe yote uliyonayo."

Clement akampa. Akiwa nyuma ya taa, mahali ambapo hata mkewe asingemtambua, aliyasema maneno yale kama hajawahi kuyasema hata jikoni kwake: "Mama yako hakutaka mlango huu ufungwe. Mimi nafunga, yeye anafungua. Anasema, atakuja hana ufunguo. Sasa hayupo, na mimi nimeshindwa kuufunga." Adrian akalia machozi ya kweli, mashavu yote mawili. Watu wakapiga makofi, na Adrian akaja kumkumbatia.

"Umenimaliza, mzee wangu! Umenimaliza kabisa!"

Baada ya chakula taa zikageuzwa. Clement akasimama kwenye alama yake ya chaki sakafuni, koti la reli limefungwa hadi shingoni, akatazama kando ya kamera. Pale alikuwapo Beryl, mama anayeshika muswada wa filamu, na leso puani.

"Adrian yuko wapi?"

Beryl akaangalia sakafu. "Ameondoka, kipenzi. Kasema nikusomee mimi."

Clement alimkuta Adrian kwenye maegesho, akipakia fimbo zake za gofu.

"Unakwenda wapi?"

"Aa, Clem! Asubuhi ulikuwa moto, bwana!"

"Nimekuuliza unakwenda wapi. Zamu yangu sasa."

"Si yupo Beryl? Anasoma vizuri tu."

"Beryl ana mafua!"

Adrian akacheka. "Usinipandishie sauti, mzee, watu wanatuona. Wewe ni fundi, hunihitaji. Ni sisi wengine tunaotaka kushikwa mkono."

"Mimi leo nimekushika mkono na miguu yote miwili! Simama pale dakika kumi. Hata usiseme kitu, nikutazame tu."

"Clem," alisema Adrian taratibu, akifunga buti ya gari. "Watu wanalipa kiingilio kuniona mimi."

Mtu akikutukana kwa chuki unaweza kumchapa ngumi ukapumua. Huyu hakuwa na chuki hata kidogo. Aliyasema vile mtu anavyosema kwamba nje kuna mvua, akawasha gari, akapunga mkono. Clement alibaki na ngumi zake mbili na mahali pa kuzipeleka hapakuwapo.

Alirudi kwenye alama yake. "Baba, ni mimi," alisoma Beryl, akapiga chafya. Clement hakupaza sauti. Aliyatoa maneno yale meno yamekutana, neno kwa neno, na msamaha wa yule baba ukatoka mgumu, msamaha wa mtu anayesamehe kwa kuwa hana mtoto mwingine. Hakuna aliyejikuna. Kule juu, kwa mafundi wa taa, watu wasiompigia makofi hata malkia, mmoja akaita, "Umewakomesha, Clem!"

Stroud alikuwa akifuta macho. "Hiyo ndiyo," alisema. "Hiyo hiyo, usiiguse."

"Nimeipata," Clement alimwambia Enid alipofika nyumbani, na Enid akaenda kununua kofia mpya.

Filamu ilipofika Catford walikwenda Jumamosi mchana, yeye na tai shingoni. Walikaa katikati. Mlango wa nyuma ukafunguka, uso wa Clement ukatokea pazia zima, ukasema, "Mama yako..." na ukaondoka. Akaja Adrian, na akabaki. Sauti ya Clement iliendelea, nzito, ya joto, naye akaitambua mara moja. Ilikuwa ile ya asubuhi, aliyoitoa gizani kwa kumsaidia mwenzake. Ya mchana waliitupa. Hata hasira yake hawakuitaka. Adrian alilia vizuri mpaka neno la mwisho, na kamera haikugeuka hata mara moja.

Ukumbi mzima ulikuwa ukivuta kamasi. "Maskini, mtazame kijana anavyolia," alisema mwanamke wa mbele yao. "Huyu ndiye mwigizaji bwana!"

Clement alitaka kusimama, apige kelele, avunje kitu. Lakini maisha yake yote alifundishwa kutoharibu tukio la mwenziwe, na sasa mafunzo hayo yalimshikilia kitini.

Aliyesimama ni Enid, na kofia yake.

"Anayesema hapo ni mume wangu!"

"Kaa chini, mama!"

"Sikai! Miaka yote nimekaa!"

Tochi ya mlinzi wa ukumbi ikaja mbio. Mwanamume wa nyuma, ambaye machozi yake yalikuwa hayajakauka, akauliza kwa upole, "Mume wako yupi, mama? Huyo anayelia?"

"Huyo siye!" alipiga kelele Enid. "Wangu ni huyo anayewaliza na hamumwoni!"