Ndevu za Lincoln na Treni ya Siku Moja

Delbert Krause alinyoa ndevu zake za miaka kumi na tisa Jumapili mchana, baada ya ibada, kwenye kiti cha jikoni, mkewe Nadine akimshikia kioo. Jumatatu asubuhi kazi aliyoisubiri maisha yake yote ilikuwa karibu kumponyoka. Nilikuwepo, na koti alilovaa lilikuwa langu, kwa hiyo haya sikuhadithiwa na mtu.

Delbert ni wa hapa hapa Illinois. Alirefuka mpaka akafika futi sita na inchi nne, na shuleni walimwita Mlingoti. Akawa fundi wa mabasi ya shule, miaka thelathini na mmoja chini ya injini. Kisha ikaja tarehe kumi na mbili Februari, siku ya kuzaliwa Rais Abraham Lincoln wa zama zile, na mwalimu mkuu akakosa mtu wa kuvaa kofia ndefu mbele ya watoto. Akamwona Delbert akitambaa kutoka chini ya basi.

"Bwana Krause, hebu vaa hii. Usiseme kitu, simama tu."

Alisimama. Watoto mia tatu wakanyamaza. Hakuna aliyemwita Mlingoti tena.

Kwetu akina Lincoln, yaani watu wa kumwigiza, ni wengi. Wana chama, wana mkutano wa kila mwaka, wote kofia, wote ndevu, wanaitana "Mheshimiwa Rais" bila kucheka. Ninayewavalisha ni mimi. Nilianza na meza moja ya mitumba gulioni, leo nina ghala, na najua bei ya kila kifungo kilichomo. Wengi wao wamekariri hotuba mbili, wanazitoa kwenye tamasha la wilaya, wanakula kuku, wanarudi nyumbani. Delbert si wa aina hiyo. Hakosi filamu yoyote ya historia kwenye televisheni, na ikiwa ni ya marais, anasogeza kiti mpaka magoti yanagusa kioo.

"Angalia bendera ile, Nadine! Vita vya Kaskazini na Kusini, na wameweka nyota hamsini! Zaidi ya majimbo kumi hayakuwepo!"

Kesho yake anawaandikia barua. Nadine husema alidhani anaolewa na fundi, kumbe mkaguzi.

Basi wakaja watu wa filamu kutafuta Lincoln wa kuigiza kwenye filamu ya sehemu nne, itakayoonyeshwa nchi nzima. Walijaribu watu ishirini na sita. Delbert akanipigia simu, anahema kama kakimbizwa na ng'ombe.

"Lorna! Wamenichukua mimi!"

"Umepewa mkataba?"

"Nchi nzima itaona, Lorna! Kuanzia bahari hadi bahari!"

"Mkataba, Delbert. Ulete niusome."

Niliusoma, na kabla hajasaini nikawabana mpaka wakaongeza kifungu kimoja: nguo zote za Lincoln zitoke kwangu. Nikamshonea makoti matano kwa kipimo chake.

Sasa, kosa lenyewe ni la mtu anayejua historia kupita kiasi. Ukurasa wa kwanza wa maandishi ya filamu ulikuwa wa midahalo ya mwaka 1858, Lincoln akigombea useneta. Wakati huo hakuwa na ndevu. Alizifuga mwishoni mwa 1860, baada ya msichana wa miaka kumi na mmoja wa New York kumwandikia kwamba uso wake ni mwembamba mno, angezifuga angependeza. Delbert anaijua barua hiyo kuliko anavyoijua tarehe ya harusi yake. Hadithi inaanza 1858, kwa hiyo siku ya kwanza ya kazi ni 1858. Wembe ukaletwa. Hakuna aliyemwambia kwamba watu wa filamu hawafuati kalenda, hufuata kinachopatikana. Na kilichopatikana Jumatatu hiyo, kwa siku moja tu, ni treni ya mvuke.

Tulifika kituoni, treni inatoa moshi, watu mia mbili wa mji wetu wamevaa magauni na makoti yangu. Walikuwa wanajiandaa kwa Februari 1861, Lincoln akiwaaga majirani zake aende Washington kuapishwa. Akiwa na ndevu.

Mwongozaji, mwanamke mfupi aitwaye Meredith Sloan, alimtazama Delbert akishuka garini. Kikombe cha kahawa kikamwinamia mkononi, akajimwagia kiatuni.

"Ndevu ziko wapi?"

"Nimenyoa, mama," Delbert akasema kwa fahari. "Mwaka 1858 hakuwa nazo."

"Leo ni 1861!"

Niliona fahari ikimtoka usoni. Akaitazama treni, akajishika kidevu kama mtu aliyepoteza pochi.

Wakajaribu ndevu za bandia. Akafanana na mbuzi aliyekula godoro. Mzee mmoja kwenye umati akapaza sauti, "Krause, rudi chini ya basi!" Watu wakacheka. Sloan hakucheka. Alikuwa kwenye simu, akimwita Lincoln mwingine, wa mji wa Decatur. Baada ya saa moja hivi, atakuwa amefika.

Delbert akakaa kwenye ngazi ya behewa, kofia magotini. "Nimeiharibu, Lorna. Miaka yote nawasahihisha wenzangu."

"Nyanyuka, unalikunja koti."

Nikamfuata Sloan. Sikwenda kumwombea huruma. Huruma haina soko saa tatu asubuhi, na treni inachoma makaa.

"Huyo wa Decatur namfahamu," nikamwambia. "Ana futi tano na inchi kumi, na tumbo. Koti gani atavaa?"

"Hayo unayo wewe."

"Ninayo matano. Yote ya mgongo wa Delbert. Na mkataba unasema nguo ni zangu."

"Unanitisha, mama?"

"Ninakuuzia. Sikiliza. Ingiza kamera ndani ya behewa, nyuma yake. Mpige mgongo, kofia, mkono, na mbele yake watu mia mbili wanaoagwa. Nani atatafuta kidevu? Kesho piga ile midahalo ya 1858, uso mtupu unao tayari. Halafu kila asubuhi mweke kwenye kiti kile kile, umpige picha moja. Ndevu zitaota mbele ya nchi nzima, na mtu anasoma barua ya yule msichana. Nani amewahi kukuonyesha hiyo?"

Macho yakaanza kumng'aa, nikajua bei imekubalika.

"Zitachukua muda gani kuota?"

"Delbert!" nikaita. "Ndevu zako, wiki ngapi?"

"Wiki sita, nzuri kabisa!" Alikuwa amesimama tayari, mrefu kuliko mlango wa behewa. "Wiki tano nikila vizuri!"

Sloan akakimbia, kweli alikimbia, akipiga kelele kamera ihamishwe. Filimbi ikalia, mvuke ukafunika nusu ya umati. Delbert akapanda nyuma ya behewa, akavua kofia. Yule mzee aliyemtania akavua ya kwake.

Alianza polepole kuwaaga. Anayajua maneno yale yote, lakini siku ile aliwatazama watu aliowatengenezea mabasi ya watoto wao, na sauti ikamkatika katikati. Hakuigiza. Wanawake wakatoa vitambaa. Treni ikajivuta, akazidi kuwa mdogo, na Nadine, aliyekuwa ndani ya umati bila kupangiwa chochote, akaikimbilia ameshika gauni langu kwa mikono miwili.

"Hapo hapo! Endelea kupiga!" Sloan akapiga kelele kutoka ndani.

Lincoln wa Decatur alifika treni ikiwa imerudi. Nilimpa koti la mkuu wa kituo, likamkaa vizuri, akatulia.

Sloan akaruka chini, akamshika Delbert mashavu yote mawili mbele ya mkewe.

"Kesho saa moja asubuhi, 1858. Na kuanzia kesho kutwa, ukiugusa wembe, nitakuua."

"Ndiyo, mama," akasema Delbert, meno yote nje.