Fundi Aliyeulamba Ukuta Wetu

Kazi yangu ni kuosha magari. Niko kando ya barabara ya kuingia mjini, nina pampu moja, mapipa mawili na wenzangu wawili, na tangu nimalize kidato cha nne sijafanya kazi nyingine. Nalisema hili mapema ili msomaji anihurumie nitakapofika kwenye kosa langu, maana mwosha magari ana imani moja tu: kila kitu kizuri huanza na maji.

Kwetu ni Mkonze, nje kidogo ya mji wa Dodoma. Nyumba ina vyumba vitatu na sebule, na mama aliijenga peke yake kwa kuuza karanga na mlenda mkavu sokoni, kidogokidogo, mpaka akaezeka, mpaka akapiga lipu ndani na nje. Hapo akaishiwa. Miaka ikapita kuta zikiwa na kijivu kilekile cha saruji, na chini, usawa wa magoti, matope mekundu ya masika yaliyorukia yakakaukia hapohapo. Mimi nilikuwa naipenda hivyo hivyo. Nikiwa naosha gari la mtu, kichwani naipaka rangi: leo ya maziwa, kesho ya ndizi mbivu, keshokutwa naiongezea ua la waridi ambalo hapa kwetu halioti.

Mama ndiye hakuipenda, na nilichelewa kujua ni kwa kiasi gani. Jumuiya yetu husali kila Alhamisi jioni, nyumba hadi nyumba, kwa zamu. Zamu ikikaribia kwetu, mama alikuwa anawahi kusema, "Safari hii nendeni kwa jirani, kwangu bado bado." Alisema hivyo miaka sita. Sukari atatoa, karanga za kukaanga atapeleka, hata viti vyake vitabebwa vikakaliwe kwa watu. Ila watu wenyewe wasiingie kwake. Siku moja mwenyekiti wa jumuiya, mama mmoja mnene mwenye sauti ya kengele, akamtania pale mlangoni:

"Hivi wewe mwenzetu, una nini humo ndani? Unafuga chui?"

Mama akacheka sana. Kisha akaingia chumbani, akakaa kitandani, ncha ya khanga ameiuma kwa meno. Nilimwona kupitia pazia. Nikajiambia, basi, mwaka huu rangi inapakwa.

Nilikuwa na laki saba na kidogo, nilizoweka kwa ajili ya pampu ya pili. Nikamwambia mama. Hakuamini, akaniuliza kama nimeiba, halafu akajifunga khanga vizuri, akaenda mwenyewe kwa mwenyekiti kusema kwamba zamu anaichukua. Zilikuwa zimebaki wiki tatu. Aliporudi aliniambia kwa sauti ndogo, "Sasa usiniaibishe, mwanangu. Nikiirudisha tena, sitaweza kuwatazama."

Kuna mzee wa Kihindi mwenye duka la rangi mjini, nilikuwa namwoshea pikapu yake kila Jumamosi. Nikamfuata dukani, pesa mfukoni, nikamwambia nataka ndoo tatu.

"Unataka rangi ya kukaa mwaka mmoja au miaka kumi?" akaniuliza.

"Kumi, mzee."

"Basi leo sikuuzii. Mlete fundi kwanza aone nyumba."

Ndivyo alivyokuja yule fundi, mwenye duka ndiye aliyenielekeza kwake. Mrangi wa Kondoa, umri umepita hamsini, kofia nyeupe ya kufuma kichwani, na ovaroli isiyo na doa. Hilo la ovaroli lilinitia shaka. Mpaka rangi asiye na rangi! Mama alimwambia, "Karibu ndani, usivue viatu, sakafu ni saruji tu." Akavua. Akazunguka chumba hadi chumba anagonga kuta kwa konzi, sikio ameliinamisha, na pengine akisikia mlio mbaya anaweka alama kwa kalamu ya mkaa. Alipomaliza akasema ufundi wake ni laki nne.

"Laki nne na rangi ndani yake?"

"Rangi mbali. Na praima ya kutangulia, na simenti nyeupe, na msasa. Nitakuandikia."

"Mzee, hapa mtaani kuna vijana wanapaka nyumba nzima kwa laki moja na nusu. Siku mbili wamemaliza."

"Wapo," akasema bila kukasirika. "Na wana mikono mizuri. Wewe utawalipa siku za kupaka. Mimi utanilipa na siku za kutopaka."

Nikaona hayo ni maneno ya kibiashara tu. Lakini mama alikuwa bado anatazama vile viatu viwili vilivyopangwa mlangoni. "Huyo huyo," akasema, na laki nne zikawa zimekwenda.

Tukapatana aanze Jumatatu. Basi Jumapili, baada ya misa, mimi nikafanya kitu ambacho niliona ni cha busara mno. Nilileta pampu kutoka kazini. Mgeni anakuja, utamkaribisha kwenye uchafu? Nikaiosha nyumba yote, ndani na nje, toka juu mpaka chini, kwa sabuni na maji ya kisima kirefu cha mtaa. Mama anafuata nyuma na ufagio, amepandisha khanga, anaimba. Matope ya miaka yote yakatoka. Jioni nyumba ilikuwa nyeusi kwa maji na ilinukia kama gari la waziri.

Anayekaa Dodoma anayajua maji yetu ya visima. Chai yake ina ladha ya machozi, na birika likichemshiwa wiki mbili, ndani linavaa koti jeupe. Mimi nayajua kuliko wengi, maana gari nisipolifuta haraka linabaki na madoa. Lakini ukuta? Nani anafikiria ukuta?

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi fundi akafika. Akaweka kiganja ukutani, akakiacha hapo kama mtu anayepima homa ya mtoto. Kisha akapitisha kidole, akakilamba.

"Nani kaosha?"

"Mimi, mzee!" nikajibu, nikisubiri kusifiwa.

"Kwa maji ya kisima."

"Ndiyo."

Akakaa juu ya ndoo yake. Mabega yakaanza kutikisika, na nikaona kumbe anacheka. "Nyinyi Wagogo," akasema, "mlenda wenu mnaubania chumvi, kumbe mnaitunza mje kulisha kuta!"

Jirani yetu, aliyekuwa ameegemea ua kutazama, hakukubali tushindwe. "Na wewe Mrangi umeleta rangi?"

"Hiyo nimeanza kuisikia kabla hujazaliwa. Tafuta nyingine."

Utani wa makabila ulipoisha fundi akatueleza taratibu, mimi na mama. Ukuta umekunywa. Maji yatatoka, yakitoka yanaivuta chumvi mpaka juu, na rangi ikiikuta chumvi itabanduka kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Kwa hiyo hapaki. Lini atapaka? Ukuta ndio utakaosema. Akachukua kipande cha nailoni angavu, ukubwa wa daftari, akakibandika sebuleni kwa gundi ya karatasi pande zote nne. "Kila asubuhi mtazame. Mkiona umande ndani, bado unatoa jasho."

Mama alihesabu kwa vidole: siku kumi na saba mpaka Alhamisi ya zamu yake.

Sitazisahau zile siku. Mama anaamka, kabla hata ya kuwasha moto anakwenda kwenye nailoni. Umande. Kesho yake, umande. Siku ya nne ukuta ukaota unga mweupe, mwepesi, kama ukungu juu ya mkate. Fundi hakuuosha. Alikuja na brashi kavu ya manyoya magumu, akaupiga ukuta mzima shubiri kwa shubiri, akazoa ule unga kwenye sinia akaumwaga mbali na nyumba. Siku mbili baadaye ukaota tena. Akapiga tena. Huku anatoboa lipu pale alipoweka alama za mkaa, anaziba upya. Alikuwa anakuja alfajiri, na ikifika saa nne, upepo wa Agosti unapoanza kubeba vumbi la Mkonze nzima, anafunga vitu vyake na kuondoka. Nilimuuliza kama atatuongezea bei kwa ujinga wangu. Akanitazama kana kwamba nimemuuliza kama atatuongezea bei kwa kupumua.

"Si nilikuambia ndani ya laki nne kuna siku za kutopaka?"

Lakini moyo wangu haukutulia. Siku ya tisa nailoni bado ina umande, mama hali vizuri, mimi nikaenda kumchukua mmoja wa wale vijana wa laki moja na nusu. Nikamleta kwa mlango wa nyuma, kwa aibu. Akaingia sebuleni anatembea kwa maringo, akaiona nailoni, akasimama.

"Hii nani kabandika?"

Kutoka chumba cha pili ikasikika ile brashi kavu: kwaru, kwaru, kwaru.

"Aa," kijana akanong'ona. "Kumbe mwalimu wetu yupo. Kaka, mimi simo." Akatoka kwa mlango uleule, kinyumenyume. Brashi iliendelea na mwendo wake, na mimi nikachukua ufagio nikaanza kufagia pasipo na taka.

Siku ya kumi na moja, asubuhi, mama akapiga kigelegele mpaka kuku wakaruka. Nailoni kavu.

Ndipo nilipomwona fundi akifanya kazi. Alikoroga simenti nyeupe mpaka ikawa kama uji wa mgonjwa, akaipaka nyembamba ukutani kwa bamba pana, mkono mmoja unatoka bega hadi bega bila kusita. Ikikauka, msasa. Na hapo kwenye msasa alikuwa anafumba macho. Nikamuuliza kwa nini, akasema macho yanapenda kusifia, ila kiganja hakijui kudanganya. Mimi nimeosha magari ya wakubwa, nimegusa bodi za gari zinazoteleza kama samaki, lakini sijawahi kugusa kitu kama sebule yetu ilivyokuwa ile Jumatano. Ukuta ulikuwa mweupe, mkavu, umetulia. Ila haukuwa na rangi. Na kesho yake ndiyo Alhamisi.

Fundi akamwita mama. Akasimama mbele yake mikono nyuma.

"Mama, nyumba ni yako. Ukisema nipake leo, napaka, na kesho wageni watakuta rangi. Lakini hii simenti haijakauka moyoni. Mwaka kesho itatoka mapovu. Nikipaka leo, pesa ya ufundi nitakurudishia yote, maana haitakuwa kazi yangu."

Laki nne! Nilitaka kusema kitu, mama akanyoosha mkono nisiseme. Akaenda akagusa ukuta. Akafumba macho na yeye, sijui kama alijua anamwiga. Mimi nilikuwa naona miaka sita yote imesimama pale naye.

"Wakiegemea?" akauliza.

"Watatoka weupe mgongoni."

"Basi watatoka weupe," mama akasema. "Usipake."

Alhamisi fundi hakuwa na kazi kwetu, lakini alikuja. Akatoa ngazi nje, akapangusa vumbi lote, akatandika sebuleni turubai lake alilokuwa amelifua. Kisha akaenda kukaa nje upande wa kivuli, ili wenye sala zao wasali.

"Mbukwenyi!" wakasalimu kwa Kigogo, wakaanza kuingia mmoja mmoja, rozari mikononi, na macho yao, Mungu awasamehe, yakipanda na kushuka. Mama alikuwa amesimama katikati ya sebule yake kama mtu anayesubiri matokeo ya hospitali. Mwenyekiti akaingia wa mwisho. Akatazama ule ukuta mweupe usio na rangi, akasogea, akaweka kiganja.

"Jamani," akasema, na sauti ya kengele ikawa imeshuka. "Hebu guseni hapa."

Wakagusa. Mmoja, wawili, wote. Wanawake kumi na tano na wazee watatu, wamegeukia ukuta wetu wanaupapasa, huyu kwa kiganja, yule kwa shavu kabisa, na rozari ikachelewa kuanza kwa sababu hiyo.

"Fundi kakuchukua ngapi?" mmoja akauliza.

"Laki nne, na hajapaka," mama akajibu. Nilidhani atalisema kwa unyonge. Alilisema kama anayetaja mahari ya binti yake.

Waliposali na kunywa chai na kumaliza karanga, mwenyekiti akafungua daftari lake kutangaza zamu ya wiki inayofuata. Akakwama. Yule mama wa zamu alikuwa amesafiri kwenda Mpwapwa kumuuguza dada yake. Wakaanza kutazamana, kila mtu na udhuru wake.

"Rudini hapahapa," mama akasema.

Mwenyekiti akainua macho. "Kwako tena? Mara mbili mfululizo?"

"Hapahapa," mama akasema, na tayari alikuwa anakusanya vikombe. "Ila mje mapema, mkute bado kuna mwanga. Nitataka muione rangi."